Barua ya wazi kwa wakuu wa afya Mwanza: mtoto kaingia na malaria, katoka na kifua

Kwa:
Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza,
Waganga Wafawidhi wa hospitali za serikali, za dini na za binafsi,
Wauguzi Wafawidhi, pamoja na kamati zote za kukinga na kudhibiti maambukizi.

YAH: MAFUA NA NIMONIA ZINAZOPATIKANA WODINI

Shikamooni mlio wakubwa zangu; na mliobaki, marahaba.

Wengine wenu mnanifahamu. Nimezitumikia wodi za watoto za ukanda huu wa ziwa mpaka nikastaafu, na wamo kati yenu niliowafundisha kutandika kitanda na kupima joto la mtoto bila kumliza. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikisema nanyi kama mama na wanawe, bila kuzunguka mbuyu.

Mtoto analazwa kwa ugonjwa mwingine kabisa. Akiwa wodini anaambukizwa virusi vya kifua na mtoto wa kitanda cha jirani, anaruhusiwa, anaanza kuugua akiwa ameshafika kwao, kisha anarudishwa na kuandikwa mgonjwa mpya. Katika vitabu vyetu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya, anahesabiwa nimonia kama nimonia nyingine yoyote. Hakuna mahali panapoandikwa kwamba ugonjwa huu kaupatia humu humu. Kwa kuwa hauandikwi, mwisho wa mwezi hauonekani kwenye ripoti, na kisicho kwenye ripoti mnajua wenyewe hakifiki kwenye kikao cha bajeti.

Tazameni siku za virusi vyenyewe. Homa ya mafua huchukua siku 1 hadi 4 tangu virusi viingie mwilini mpaka dalili zianze. Virusi viitwavyo RSV, vinara wa kubana vifua vya watoto wachanga, huchukua siku 4 hadi 6 kwa kawaida, na vinaweza kufika hata 8. Mtoto wa malaria kali je, analala siku ngapi? Akishachomwa sindano zake, akaanza kunyonya na kucheka, siku ya tatu au ya nne anaruhusiwa, na ni haki aruhusiwe maana kuna mwenzake sakafuni anakisubiri hicho kitanda. Aliyeambukizwa RSV siku ya pili ataanza kukohoa akiwa Misungwi, Kisesa au ng'ambo Ukerewe. Mama yake hatasema ni hospitali. Atasema mtoto kapigwa na baridi ya kwenye boti, au malaria haijaisha.

Mjukuu wangu yalimkuta. Alilazwa kwa kuharisha mpaka macho yameingia ndani, akawekwa kitanda kimoja na mtoto aliyekuwa akikohoa, wamelala mzungu wa nne, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Hospitali siitaji, kwa sababu ningeweza kuandika jina la nyingine yoyote na habari ikabaki ile ile. Aliharisha akapona, wakaja nyumbani. Hazikupita siku nyingi, usiku mmoja nikaona mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, pua zinapanuka, ziwa halishiki. Tukarudi pale pale, akawekewa oksijeni, na nawashukuru waliokuwa zamu kwa sababu walifanya haraka. Akafunguliwa faili jipya. Binti yangu aliulizwa kikohozi kimeanza lini, chanjo amemaliza, analala kwenye chandarua. Karatasi ya ruhusa ya wiki ile ile alikuwa nayo kwenye mkoba. Hakuna aliyeuliza mtoto alikuwa wapi siku zilizotangulia.

Swali hilo ndilo ninaloliomba. Chongesheni mhuri mdogo, ugongwe kwenye faili la kila mtoto anayeletwa na kikohozi au kubanwa kifua: *Siku 14 zilizopita alilazwa, au alikaa na mgonjwa aliyelazwa, kituo chochote? Ndiyo / Hapana. Kituo gani? Wodi gani? Tarehe?* Mhuri ni shilingi elfu chache pale mjini, na fundi anaumaliza wakati wewe unakunywa chai. Na kwa walio ndani ya wodi, yeyote anayeanza homa na kikohozi baada ya saa 48 tangu alazwe, nesi amwekee alama kwenye kitabu. Siombi maabara wala mashine ya kupima vinasaba. Naomba kalamu.

Najua atakayesimama kikaoni kusema kwamba wengine wameambukizwa nyumbani, na huyo atakuwa sahihi. Wenzetu wa Kilifi, pale pwani ya Kenya, wamefuatilia RSV kaya kwa kaya na kukuta kwamba mara nyingi wanaoileta nyumbani ni kaka na dada wanaosoma shule, ndipo kichanga kinapata. Kwa hiyo hesabu ya mhuri itakuwa na makosa yake. Lakini makosa yale yale yakijirudia kila mwezi hayamzuii mtu kuona mabadiliko. Wodi moja ikitoa watoto wawili mwezi huu na kumi na wawili mwezi ujao, Mganga Mfawidhi atanyanyuka kitini kwenda kuangalia wodi hiyo ina nini. Leo hana cha kumnyanyua.

Mnakumbuka Marburg ilipotangazwa Kagera, Machi 2023? Kwa wiki chache kila geti huku kwetu lilikuwa na ndoo, sabuni na kijana wa kupima joto. Tuliweza, tena haraka, kwa sababu ule ugonjwa ulikuwa na jina na ulikuwa redioni. RSV haina jina mitaani. Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2019 peke yake iliua watoto wapatao 100,000 walio chini ya miaka 5 duniani, na zaidi ya 95 katika kila 100 kati yao walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa mama wa Igoma hao wote wamekufa kwa "kifua".

Na msidhani haya ni ya maskini peke yetu. Korea Kusini ina hospitali ambazo mtu akiingia anaweza kudhani yuko hotelini. Mwaka 2015 msafiri mmoja alirudi kutoka Mashariki ya Kati na virusi vya MERS, vinavyoshambulia mapafu, akapita hospitali kadhaa kabla haijajulikana anaumwa nini. Mpaka yanaisha walikuwa wameugua watu 186 na kufa 38, karibu wote wakiwa wameambukizwa ndani ya hospitali: wagonjwa wa vitanda vya jirani, ndugu waliokuwa wakiuguza, wahudumu. Uchunguzi ulipofanyika zikatajwa wodi za vitanda vingi, foleni za mapokezi ya dharura, ndugu wanaolala na mgonjwa, na desturi ya mgonjwa kuhama hospitali hadi hospitali akitafuta iliyo bora. Nilidhani wanaieleza Kanda ya Ziwa. Mgonjwa wetu anaanzia zahanati ya kijiji, anapelekwa kituo cha afya, anavuka kwenda hospitali ya wilaya, anapandishwa Mwanza. Siku hizi daraja la Kigongo hadi Busisi limekwisha, watu wa Sengerema na Geita wanafika mjini bila kusubiri kivuko. Ni neema, ila hata virusi navyo havisubiri kivuko tena.

Mkishaanza kuhesabu, mtaulizana mfanye nini. Yapo mengi, mimi nitasema yale niliyoyaona kwa macho.

Mwaka 1981 daktari Caroline Hall na mwenzake wa Rochester, New York, walichapisha jaribio dogo ambalo kila anayeingia wodi ya watoto angelijua kwa moyo. Walichukua watu wa kujitolea wakawagawa mafungu matatu. La kwanza walimbeba na kumhudumia mtoto mwenye RSV: kati ya 7, wakaugua 5. La pili waliingia mtoto akiwa ametolewa chumbani, wakashika tu vitu vyenye makamasi yake kisha wakajigusa pua na macho: kati ya 10, wakaambukizwa 4. La tatu walikaa hatua chache kutoka kitandani bila kumgusa mtoto wala kitu chake: kati ya 14, hakupata hata mmoja. Yaani kwa virusi hivi mkono ndio barabara kuu. Na makamasi yakibaki kwenye reli ya kitanda au meza ya dawa, virusi hukaa hai saa kadhaa.

Sasa njooni wodini saa ya uji. "Dada, nishikie mwanangu nikachukue uji." Dada anampokea, mtoto anapiga chafya, dada anamfuta kamasi kwa ncha ya khanga, na dakika mbili baadaye ncha ile ile inamfuta wake aliyelazwa kwa malaria. Hapo hakuna mwenye kosa. Akina mama wasiposaidiana, nesi mmoja wa zamu ya usiku mwenye wodi nzima hatafika asubuhi akiwa na akili timamu. Kwa hiyo msije mkabandika bango la kukataza kubebeana watoto, mtachekwa. Wapeni pa kunawa. Nimeona wodi ambayo ukisimama dirishani ziwa zima liko mbele yako, halafu ukifungua bomba linatoa upepo. Vile vidude vya kitakasa mikono vilivyopigiliwa ukutani wakati wa uviko bado vipo, vikavu, buibui kaweka makazi. Shirika la Afya Duniani lilishatoa kanuni ya kutengeneza kitakasa mikono kwenye famasia ya hospitali yenyewe, kwa spiriti, glisarini, haidrojeni peroksaidi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Wafamasia mnao. Wapeni bajeti na madumu. RSV, mafua na korona vyote vina gamba la mafuta linaloyeyuka kwa spiriti na kwa sabuni hata ya mche.

Mashine ya nebulaiza nayo, ile inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvutwa puani na mdomoni. Wodi ina moja, watoto wanaobanwa kifua ni sita, na barakoa yake ya plastiki inahama uso hadi uso ikifutwa kwa pamba yenye spiriti pale panapokuwa na pamba. Mbali na barakoa, mashine yenyewe inafukiza ukungu, na mtoto akikohoa ndani ya ukungu ule unatawanyika wodini. Hong Kong, Machi 2003, wodi moja ya hospitali ya Prince of Wales iliambukiza SARS, ugonjwa mkali wa mapafu wa virusi, watu zaidi ya 100 kutoka kwa mgonjwa mmoja, na nebulaiza aliyokuwa akipewa ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoshukiwa. Kwa pumu, dawa ya kupuliza yenye kopo lake inatosha wengi, na mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa tundu la kuingizia kopo, inafanya kazi sawasawa na kifaa cha dukani cha kuvutia dawa hiyo. Kila mtoto chupa yake, akitoka anaondoka nayo. Chupa tupu Mwanza zinaziba mitaro, hatuwezi kusema hazipatikani. Na kichanga mwenye RSV mara nyingi nebulaiza haimsaidii kitu. Anahitaji oksijeni, maziwa na kusafishwa pua.

Nije kwenye madirisha, na hapa mtanivumilia kwa sababu ndipo roho inaponiuma.

Mungu ametupa kiyoyozi cha bure. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Waliojenga wodi za zamani walilijua hilo: dari iko juu, madirisha pande mbili yanayotazamana, unayafungua yote mpaka ukutani na hewa inapita kama iko kwenye shughuli zake. Wodi mpya tunazojengewa zina dari fupi ya jipsamu na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Dirisha la kusukuma hata ulifungue lote, nusu yake ni kioo daima. Halafu upande wa pili hakuna dirisha, kuna korido. Halafu ofisini kwa mkubwa, na siku hizi hata wodi za kulipia, kuna kiyoyozi cha ukutani, mtu anafunga kila kitu akidhani kinaleta hewa safi. Hakileti. Kinachukua hewa ile ile ya chumbani, ya mgonjwa na ya ndugu zake, kinaipoza na kuwarudishia.

Wapo waliopima. Watafiti wa Lima, Peru, walichapisha mwaka 2007 vipimo vya hospitali 8. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika mara 28 kwa saa. Vyumba vyenye mitambo ya gharama ya kuvuta hewa vilikuwa mara 12. Vikifungwa madirisha, hata mara 2 havikufika. Na majengo yaliyowashinda wote yalikuwa yale ya kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa. Shirika la Afya Duniani nalo tangu 2009 linataka wodi ya kawaida inayotegemea upepo ipate lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa. Nani kati yenu amewahi kumuuliza mkandarasi swali hilo kabla ya kusaini?

Lakini hata wodi ya zamani ikifika magharibi inafungwa, nami najua kwa nini kwa sababu nimeifunga mwenyewe. Mbu. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wakifuata taa. Kibaridi cha alfajiri ya masika. Na vibaka wanaonyoosha mti wenye ndoano dirishani kuvuta mikoba. Kumwambia nesi "fungua dirisha" bila kumwondolea hayo ni kumtania. Wekeni wavu wa waya kwenye kila dirisha, nondo zilizosimama imara, na blanketi la pili kwa kila mtoto. Wavu unapunguza upepo kidogo, lakini upepo uliopungua ni afadhali kuliko dirisha lililofungwa saa 12 za usiku na watoto 40 ndani. Na kwa majengo ambayo hayajamwagwa zege, mwambieni fundi arudishe dirisha la kufunguka lote. Sidhani kama lina gharama zaidi ya hiyo jipsamu.

Foleni ya asubuhi. Kichanga wa wiki sita aliyekuja chanjo anakaa benchi moja na mtoto mwenye surua ambaye hajaonwa na mtu. Virusi vya surua hubaki hewani mpaka saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka, kwa hiyo hata anayefika benchi likiwa tupu hayuko salama. Mtu mmoja asimame getini, hata mhudumu wa afya wa jamii, aulize anayekohoa na mwenye vipele, awapeleke benchi la nje chini ya mwembe. Wakati wa uviko tulifanya hivyo na hakuna aliyelalamika.

Wageni wa jioni siwagusi sana, kumwona mgonjwa ni utu wetu. Bango la kukataza watoto lipo mlangoni, na kwa habari ya Kilifi niliyowaambia lina maana yake. Ila mjomba anayepiga chafya anapita akiwa amebeba machungwa na hakuna anayemgusa. Mlinzi awe na barakoa za kumpa, basi.

Na sisi wenyewe. Nesi ana mafua, anakuja kazini kwa sababu akilala nyumbani mwenzake atabaki peke yake na wodi, na kesho yake watanuniana. Akiomba ruhusa anaambiwa "mafua tu". Mafua tu ya nesi wa wodi ya watoto njiti si mafua tu ya karani. Pangeni ratiba yenye mtu wa akiba hata mmoja kwa jengo, na mwenye mafua akikosa mbadala basi apewe kazi za mafaili, si za kulisha njiti kwa mrija. Hili najua ni gumu kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu ajira haziko mikononi mwenu.

Semina msiandae, jamani. Watu wamekaa semina za kunawa mikono mpaka wanajua chai inaletwa saa ngapi. Mwenye bomba kavu hahitaji kufundishwa tena hatua za kunawa.

Anzeni na mhuri. Chagueni hospitali moja ya wilaya na wodi moja ya mjini, mfanye kwa miezi mitatu, msimu wa mvua ukiwemo, kisha matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo pale mapokezi ambapo hata mimi nitayasoma. Mkikosa mtu wa kukaa dirishani kuuliza lile swali, nipo Igoma, magoti yananisumbua kidogo lakini kukaa naweza, na mwandiko wangu bado unasomeka. Posho sitaki. Chai ya rangi nitakunywa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Muuguzi mstaafu,
Igoma, Mwanza.

Nakala:
Wahandisi wa majengo wa halmashauri zote za mkoa, kwa ajili ya aya za madirisha.